Nani anambeba kocha wa timu ya wasichana chuoni?

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayetoka Bagamoyo mjini kuelekea Msata huingia Kata ya Makurunge kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza stendi. Barabara ni ya lami. Miwa imeota katika ardhi iliyokuwa ya malisho, na kiwanda cha Bagamoyo Sugar, kilichoanza uzalishaji mwaka 2022, kimeleta ajira na matumaini mapya.

Hata hivyo, kwa binti wa Makurunge aliyejaliwa urefu, mwenye ndoto ya kuucheza mpira wa kikapu, mambo hayajabadilika sana. Njia yake ni ileile ya dada zake. Kituo cha kwanza ni mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA. Cha pili ni chuo, kiwe cha ualimu, cha uhasibu au chuo kikuu. Cha tatu ni klabu za Dar es Salaam, umbali wa kilomita 70 na ushei kutoka Bagamoyo, zinazoshiriki Ligi ya Kikapu ya Mkoa, maarufu kama BDL.

Kituo cha pili ndicho wengi wanaposhukia na kutopanda tena. Binti aliyefika chuoni akiwa nyota wa mkoa anahitimu miaka mitatu baadaye akiwa ameacha kucheza, na hakuna anayeulizwa.

Panapotokea wa kuuliza, jibu huwa moja: kocha hafai. Timu ikifungwa michezo mitatu mfululizo, kibarua cha kocha kinaota nyasi. Anakuja mwingine, anapigwa picha akiwa ameshika mpira, na msimu unaofuata hadithi inaanza upya. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni nani aliyekuwa nyuma ya kocha huyo. Nani alisaini fedha za safari, nani alipanga ratiba ya uwanja, nani alihakikisha wachezaji wanakula?

Makala haya yanajaribu kulitazama suala hilo kwa kupitia mifano ya nje na ya hapa nyumbani. Kote inaonekana kwamba timu yenye uongozi imara nyuma yake huweza kubadili kocha ikabaki salama, wakati timu isiyo na uongozi huanguka hata ikiwa na kocha bora.

Funzo la Knoxville

Marekani ndiko mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni ulikokomaa kuliko kokote duniani, na Chuo Kikuu cha Tennessee, mjini Knoxville, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mwaka 1974 chuo hicho kilimkabidhi timu ya wanawake Pat Summitt, msichana wa miaka 22. Malipo yake yalikuwa dola 250 kwa mwezi. Alikuwa kocha, dereva wa gari la timu na mfuaji wa jezi. Alipostaafu mwaka 2012, baada ya kubainika kuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, alikuwa ameshinda michezo 1,098 na kutwaa ubingwa wa taifa mara nane. Alifariki dunia Juni 2016.

Wapenzi wengi wa kikapu wanalijua jina la Summitt. Ni wachache wanaolijua jina la Joan Cronan, ambaye kuanzia mwaka 1983 hadi 2012 alikuwa mkurugenzi wa michezo ya wanawake chuoni hapo. Tennessee ilikuwa miongoni mwa vyuo vichache vilivyokuwa na idara ya michezo ya wanawake inayojitegemea, yenye mkurugenzi wake, bajeti yake na watumishi wake. Kocha alipotaka basi, hakusubiri timu ya wanaume ipewe kwanza.

Mwaka 2012 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Summitt aliondoka, na idara ya wanawake ikaunganishwa na ya wanaume chini ya mkurugenzi mmoja. Muungano huo ulizaa malalamiko ya watumishi, na baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai kubaguliwa.

Kilichofuata kwenye benchi kinajulikana. Holly Warlick, aliyekuwa msaidizi wa Summitt kwa miaka mingi, alikabidhiwa timu na kuachishwa kazi mwaka 2019. Akaja Kellie Harper, aliyetwaa ubingwa mara tatu akiwa mchezaji wa Summitt. Naye aliondolewa Aprili 2024. Nafasi yake ikachukuliwa na Kim Caldwell, ambaye hakuwahi kuchezea wala kufundisha chini ya Summitt. Kwa hiyo baada ya kuwa na kocha mmoja kwa miaka 38, chuo kilitumia makocha watatu katika muda wa miaka 12. Taji la mwaka 2008 ndilo la mwisho ambalo Tennessee ilikuwa imelitwaa hadi anguko hilo la Harper.

Haitakuwa haki kusema kuwa kuunganishwa kwa idara ndiko pekee kulikoishusha timu. Vyuo vingine vilikuwa vimewekeza na ushindani uliongezeka. Lakini wanaomlaumu Warlick au Harper wanapaswa kukumbuka kwamba wanawake hao walirithi kiti cha Summitt pasipo kurithi uongozi uliokuwa ukikishikilia kiti hicho.

Subira ya miaka kumi

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Watanzania, kwa kuwa mmoja wetu alipita hapo. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika orodha ya wachezaji wapya wa NBA na klabu ya Memphis Grizzlies.

Mwaka huo wa 2009 macho ya Watanzania yalikuwa kwa Thabeet na wenzake, walioishia nusu fainali ya taifa. Wakati huohuo, chuoni hapohapo, timu ya wanawake ilicheza michezo 39 na kushinda yote, ikatwaa ubingwa. Katika magazeti yetu habari hiyo ilipata nafasi ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kijana wetu.

Kocha wa timu hiyo, Geno Auriemma, aliajiriwa mwaka 1985. Aliikuta timu ambayo katika historia yake ilikuwa na msimu mmoja tu wa kushinda michezo mingi kuliko iliyopoteza. Msimu wake wa kwanza alishinda 12 na kufungwa 15. Kwa vipimo vya viongozi wengi wa michezo wa hapa kwetu, huyo alistahili kutupiwa virago kabla ya Pasaka.

Chuo hakikumwondoa. Alifika nusu fainali ya taifa mara ya kwanza mwaka 1991, na ubingwa wa kwanza akautwaa mwaka 1995, miaka kumi baada ya kuajiriwa. Hadi mwaka 2025 alikuwa ametwaa mataji 12. Msaidizi wake, Chris Dailey, alianza naye mwaka uleule wa 1985.

Subira hiyo ilitokana na uongozi uliojua unataka nini na kwa muda gani. Nyuma yake ilikuwapo pia sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha kifungu kinachojulikana kama Title IX, kinachokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Chuo kisichowapa wasichana nafasi ya michezo kilijiweka katika hatari ya kushitakiwa na kukosa fedha.

Sheria hiyo nayo haikuwa dawa ya kila kitu. Kabla yake, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia, wanaume nao waliingia, na leo makocha wanawake ni chini ya nusu ukizitazama timu za wanawake za michezo yote. Kazi ilipokuwa ya kujitolea iliachiwa akina mama. Ilipoanza kulipa, waombaji wakaongezeka. Jambo hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Dar es Salaam.

Video iliyowaumbua wakubwa

Machi 2021, wakati wa janga la korona, mashindano ya taifa ya vyuo vya Marekani yalichezwa katika vituo maalumu. Wanaume waliwekwa Indianapolis na kupewa ukumbi mkubwa wenye kila aina ya chuma cha kujengea misuli. Wanawake waliwekwa San Antonio na kupewa seti moja ndogo ya vyuma vya mkononi pamoja na mikeka ya yoga.

Mchezaji wa Chuo Kikuu cha Oregon, Sedona Prince, alirekodi video fupi na kuirusha mtandaoni. Waandaaji walijitetea kuwa nafasi ilikuwa finyu. Video ikaonesha ukumbi mpana uliokuwa mtupu. Katika siku chache vyuma vikapatikana.

Ripoti ya mawakili iliyotoka Agosti mwaka huo ilibaini kuwa tofauti hizo hazikuwa bahati mbaya, bali zilijengwa ndani ya mfumo wa uendeshaji, kuanzia mikataba ya televisheni hadi mgawo wa fedha. Kuanzia mwaka 2022 wanawake waliruhusiwa kutumia jina la biashara la mashindano ambalo kabla yake lilikuwa la wanaume peke yao, na timu zao zikaongezwa hadi 68. Mwaka 2024 fainali ya wanawake ilitazamwa na watu takriban milioni 18.9, ikaipita ya wanaume iliyotazamwa na milioni 14.8. Januari 2025 vyuo vilikubaliana kwamba timu za wanawake nazo zilipwe kulingana na hatua zinazofikia.

Katika mkasa wote huo hakuna kocha aliyebadilishwa ili vyuma vipatikane. Kilichobadilika ni maamuzi ya mezani.

Vurugu za Abuja, utulivu wa Kigali

Wapo watakaosema kuwa Marekani ni mbali na fedha zake si zetu. Turudi Afrika.

Timu ya taifa ya wanawake ya Nigeria, D'Tigress, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2017, 2019 na 2021. Ubingwa wa mwaka 2019 na 2021 ilikuwa chini ya kocha Otis Hughley. Lakini Mei 2022, kutokana na mgogoro wa uongozi katika shirikisho la kikapu, Serikali ya Nigeria iliziondoa timu zake katika mashindano yote ya kimataifa kwa miaka miwili. Uamuzi huo ulibatilishwa mwezi uliofuata, lakini hasara ilikuwa imekwishapatikana. Shirikisho la dunia, FIBA, lilikuwa limeshaipa Mali nafasi ya Nigeria katika Kombe la Dunia lililofanyika Sydney Septemba mwaka huo. Wasichana waliofuzu uwanjani walienguliwa na barua.

Mwaka uliofuata, Juni 2023, timu ilikabidhiwa kwa Rena Wakama, mwanamke kijana aliyewahi kuchezea Chuo Kikuu cha Western Carolina. Kazi yake kabla ya hapo ilikuwa kusimamia uendeshaji wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Stony Brook. Majukumu ya nafasi ya namna hiyo ni kupanga safari, vyumba, milo na ratiba za mazoezi. Kwa lugha ya mtaani, ni kazi ya ofisini.

Miezi miwili baadaye, mjini Kigali, Wakama akawa mwanamke wa kwanza kuipa timu yake ubingwa wa Afrika akiwa kocha mkuu. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Nigeria ilizifunga Australia na Canada, ikawa timu ya kwanza ya kikapu kutoka Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali. FIBA ilimtangaza Wakama kocha bora wa mashindano ya wanawake. Mwaka 2025, mjini Abidjan, aliutetea ubingwa wa Afrika.

Hapa mabadiliko ya kocha yalizaa matunda, na mwandishi wa makala haya hawezi kulificha hilo. Lakini ikumbukwe kuwa wachezaji wengi wa Nigeria hulelewa katika vyuo vya Marekani, ambako chakula, tiba na uwanja ni haki ya mchezaji na si hisani. Kocha mpya alikuta wachezaji walioandaliwa. Aidha, mwenyewe alikuwa ameiva katika kazi za uendeshaji. Alijua kwamba timu hufungwa pia kwa sababu ya basi lililochelewa.

Njia panda ya Makofia

Katika barabara ile ya Bagamoyo kwenda Msata ipo njia panda ya Makofia, penye barabara iendayo Mlandizi. Mlandizi ni mji mdogo wa Mkoa wa Pwani ambao una nafasi yake katika historia ya michezo ya wanawake nchini, ingawa ni kwa mpira wa miguu.

Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Halikuwa jambo dogo kwa timu ya mji huo kuzipita timu za majiji. Lakini hadi msimu wa 2024/25, taji hilo halikuwa limerudi Mlandizi. Lilikuwa limepokezana mikono miwili tu: JKT Queens na Simba Queens.

Timu hizo mbili zinafundisha mengi. Simba Queens imebadili makocha mara kwa mara: Mussa Hassan 'Mgosi', Sebastian Nkoma, Mganda Charles Lukula, Juma Mgunda, kisha Mghana Yussif Basigi. Pamoja na mabadiliko hayo ilitwaa ubingwa chini ya zaidi ya kocha mmoja, na mwaka 2022 ilishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Kocha alikwenda, kocha alikuja, lakini mshahara, kambi na usafiri vilibaki kwa sababu nyuma yake ipo klabu kubwa.

JKT Queens, yenye maskani Mbweni, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, inabebwa na chombo cha dola chenye bajeti, nidhamu na uwanja wake, Meja Jenerali Isamuhyo. Mwaka 2023 ilitwaa ubingwa wa klabu za wanawake wa ukanda wa CECAFA. Jeshi hilohilo la Kujenga Taifa lina timu ya wanawake ya kikapu, JKT Stars, ambayo ni miongoni mwa timu zinazotamba katika ligi ya Dar es Salaam. Hilo halijatokea kwa bahati.

Timu ya taifa nayo inatoa ushahidi. Twiga Stars, chini ya Charles Boniface Mkwasa, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2010 nchini Afrika Kusini na kufungwa michezo yote mitatu. Kufuzu mara ya pili kulisubiri fainali za mwaka 2024, zilizochezwa Morocco Julai 2025, chini ya Bakari Shime. Kati ya safari hizo mbili makocha walibadilika. Lakini yalikuwapo mambo mengine mawili makubwa zaidi. Ligi ya wanawake ilianzishwa, na Shime aliachwa afanye kazi kwa miaka, akizijenga pia timu za vijana. Mwaka 2022 timu yake ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliifunga Ufaransa 2-1 katika Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali.

Kikapu cha wasichana vyuoni hakijapata bahati hiyo.

Kocha anayehitimu na wanafunzi wake

Si ajabu, katika vyuo vyetu, kukuta timu ya wasichana ya kikapu inafundishwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Pengine ni mkufunzi anayejitolea baada ya vipindi, au mchezaji wa zamani anayepewa nauli pale inapopatikana. Mwanafunzi huyo akihitimu, kocha ameondoka. Mkufunzi akihamishwa, kocha ameondoka. Nauli ikikatika, kocha ameondoka.

Kwa hiyo vyuo vyetu hubadili makocha mara nyingi kuliko Simba Queens, na vinafanya hivyo pasipo kumfukuza mtu. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna anayetoa sababu. Mchezaji mmoja anaweza kupita mikononi mwa walimu watatu katika miaka mitatu, kila mmoja akianza upya kumfundisha namna ya kukaba.

Mashindano yapo. Vyuo vikuu vina michezo yao chini ya TUSA, vyuo vingine vya elimu ya juu vina SHIMIVUTA, na vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA. Lakini mashindano ya wiki moja au mbili kwa mwaka hayawezi kumjenga mchezaji. Timu huundwa wiki chache kabla ya safari, na huvunjika siku basi linaporudi. Baadhi ya vyuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, vimepeleka timu katika ligi ya mkoa ili wachezaji wacheze msimu mzima. Hilo ni jambo la kupongezwa na kuigwa.

Majirani zetu wametangulia kidogo. Nchini Uganda, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichopo Mukono, Lady Canons, hucheza ligi ya taifa na imewahi kuwa bingwa zaidi ya mara moja. Chuo hicho hutoa nafuu ya ada kwa wachezaji. Nchini Kenya, timu za vyuo kama USIU na Strathmore zimezoeleka katika ligi ya taifa. Huko binti anayejua kucheza hukihesabu kipaji chake kama sehemu ya karo. Hapa kwetu mara nyingi anaambiwa achague kati ya mazoezi na mtihani.

Ikumbukwe pia kwamba mfereji wenyewe uliwahi kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Serikali ya awamu ya nne iliirejesha. Lakini kizazi cha wasichana kilichopita sekondari katika miaka hiyo kilifika vyuoni bila kupitia UMISSETA. Wengi wa ambao leo wangekuwa makocha wanawake wenye uzoefu ni wa kizazi hicho. Uamuzi wa mezani uliochukuliwa zaidi ya miaka 20 iliyopita unaonekana hadi leo kwenye benchi.

Bagamoyo ina jibu mkononi

Rais wa awamu hiyo ya nne, Jakaya Kikwete, ni mwana wa Msoga, kijiji kilichokuwa ndani ya Wilaya ya Bagamoyo. Alicheza mpira wa kikapu akiwa shuleni na baadaye akawa mlezi wa shirikisho la mchezo huo. Katika uongozi wake Serikali ilikubali kumlipa kocha wa kigeni wa Taifa Stars, Mbrazili Marcio Maximo, kuanzia mwaka 2006. Mwaka 2015 alizindua viwanja vya vijana vya Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, vyenye sehemu ya kikapu. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba ukanda huu umekosa watu wakubwa wanaoupenda mchezo.

Lakini mapenzi ya mkubwa mmoja huondoka naye. Kinachobaki ni utaratibu.

Na hapo ndipo Bagamoyo ina nafasi ya pekee. Mji huu ndio makao makuu ya ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, chombo kinachowanoa wakuu wa shule na wasimamizi wengine wa elimu kutoka kila pembe ya nchi. Ni watu haohao wanaoamua kama uwanja wa kikapu ugeuzwe maegesho ya magari, kama mwalimu wa michezo apunguziwe vipindi, na kama wasichana wapewe uwanja saa kumi jioni au wasubiri wavulana wamalize na giza liingie.

Ikiwa mkuu wa shule anafundishwa namna ya kusimamia maabara na maktaba, hakuna sababu ya kutomfundisha kwa uzito uleule namna ya kusimamia timu ya wasichana. Aweke kifungu chake katika bajeti ya mwaka. Ampe mwalimu wa michezo barua yenye majukumu na muda. Ahakikishe kuna mtu mzima mwanamke anayesafiri na timu, kwa sababu wapo wazazi wanaowazuia mabinti zao kwenda kambini kwa kukosa jambo hilo moja tu.

Kwa upande wa vyuo, hatua nazo zinajulikana na nyingi hazihitaji fedha za kigeni. Kocha wa timu ya wasichana apewe mkataba wa maandishi wa miaka isiyopungua mitatu, hata kama malipo yenyewe ni madogo. Timu iwe na meneja ambaye si kocha, mwenye kazi ya kushughulikia safari, chakula na ruhusa za mitihani. Wasichana wanaohitimu wakiwa na uzoefu wapelekwe kwenye kozi za ualimu wa michezo, ikiwamo ile ya Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ili wadogo zao wakute mwalimu. Na taarifa ya fedha za michezo ibandikwe ubaoni ikionesha wavulana walipata kiasi gani na wasichana kiasi gani. Video ya San Antonio ilifanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Ubao wa matangazo unaweza kuifanya kwa karatasi moja.

Hata hivyo, hakuna anayesema kocha asiguswe kamwe. Yupo kocha mvivu, yupo anayewadhalilisha wachezaji, na hao waondoke mara moja. Lakini mkuu wa chuo anayesaini barua ya kumwondoa kocha angetendea haki kalamu yake kama angejiuliza kwanza ni lini mara ya mwisho aliitumia kusaini fedha za mipira.

Binti wa Makurunge anayeanza kidato cha kwanza Januari atafika chuoni baada ya miaka sita, akipita kidato cha sita, au baada ya minne kama atakwenda chuo cha kati. Auriemma alihitaji kumi kupata taji lake la kwanza. Muda wa kumwandalia binti huyo mwalimu, meneja na uwanja upo. Usipotumika, atakutana na kocha mpya siku ya kwanza, kocha mwingine mwaka wa pili, na mwaka wa tatu atakuwa ameviweka viatu vyake uvunguni.